Mwanafunzi wa Saa Tisa

Kwa miaka thelathini na mmoja Mwalimu alifundisha shairi moja la theluji bila kuiona theluji hata ya kijiko. Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Ni wazi hawakuwahi kukutana na mwalimu wa fasihi.

Lilikuwa shairi la kale, la nchi za mbali, lililotafsiriwa na mtu ambaye jina lake lilipotea pamoja na jalada la kitabu. Beti nne tu. Bibi mmoja amezimikiwa na moto nyumbani katikati ya majira ya baridi. Anakwenda kwa jirani, ng'ambo ya ziwa lililoganda, anapewa kaa moja la moto, analitia chunguni na kuanza kurudi. Akifika katikati ya ziwa theluji inatulia, misonobari imesimama kimya, na bibi anatamani akae, kidogo tu. Mshairi hasemi kama alikaa. Ubeti wa tatu wanaukumbuka hata wale waliosahau kila kitu kingine walichofundishwa:

*Theluji yaniambia, keti kidogo upoe,*
*Na kaa langu chunguni, lalia niliokoe.*

Swali la mtihani halikubadilika kwa miaka yote hiyo: Je, bibi alifika? Toa hoja.

Miaka hiyohiyo, mitaa minne kutoka shuleni, mke wa Mwalimu alikuwa akifanya kazi kwenye ghala la nyama na samaki, katika chumba cha nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Wenzake walimwita Bibi Barafu. Alivaa koti linalofika magotini, glavu mbili mbili, na akitoka ndani kope zake zilikuwa nyeupe kama za mtu aliyemwagiwa unga. Kwa maneno mengine, mtaalamu pekee wa baridi katika mji mzima alilala kitanda kimoja na Mwalimu, upande wa ukutani. Kinyozi hajinyoi.

Mwaka wa pili wa ndoa alijaribu. "Njoo siku moja nikuingize ndani uone. Dakika tano tu."

Mwalimu alicheka kwa upole, na kicheko cha upole huuma kuliko cha kejeli. "Mwenzangu, hiyo ni baridi ya mashine. Haina ushairi."

Hakumwalika tena. Naye Mwalimu hakuuliza kitu, si siku hiyo wala miaka iliyofuata.

Kule ghalani kulikuwa na utaratibu ambao haukuandikwa popote na haukuvunjwa na yeyote. Mtu akiingia chumba cha kugandisha, mwenzake hubaki nje, na kila baada ya dakika kumi humgongea mlango mara tatu. Aliye ndani hujibu mara mbili. Maana yake nipo. Kimya kikijibu, mlango hufunguliwa bila kuulizana. Bibi Barafu aliuleta utaratibu huo nyumbani. Mwalimu akikawia bafuni na gazeti, aligongewa mara tatu. Naye, baada ya kulalamika kwamba hata haja za mtu zimewekewa ratiba, alijibu mara mbili.

Kisha Mwalimu akastaafu, na baada ya miaka mitatu akaanza kusahau. Daktari alitoa jina refu la ugonjwa na maelezo mafupi: atasahau, na atazidi kusahau. Yalitangulia majina ya majirani. Likafuata la binti yao, anayefanya kazi mji mwingine. Ukafuata mwaka. Alasiri moja Mwalimu alimtazama mkewe kwa adabu kubwa, akamuuliza yuko kidato cha ngapi.

"Mimi mkeo!"

Hilo lilikuwa kosa. Mwalimu alirudi nyuma mpaka ukutani, akaomba mkuu wa shule aitwe, na siku hiyo hakula. Kesho yake hali ilikuwa ileile, na kesho kutwa vilevile. Siku ya nne Bibi Barafu alipotoka kazini alipitia dukani akanunua daftari la kurasa arobaini na nane na kalamu ya wino wa bluu. Saa tisa alasiri akatoka nje, akabisha mlango wa mbele.

"Hodi, mwalimu."

"Umechelewa," alisema Mwalimu, uso ukiwa umechangamka kwa mara ya kwanza baada ya wiki. "Kaa. Fungua ukurasa wa shairi la theluji."

Hivyo ndivyo mwanamke wa miaka hamsini na minane, aliyeacha shule akiwa na kumi na minne, alivyoanza masomo ya fasihi sebuleni kwake. Meza ya chakula ikawa dawati. Mgongo wa kabati ukawa ubao. Darasa lilikuwa na mwanafunzi mmoja, nidhamu nzuri, na mwalimu aliyekunywa uji wake wote mradi aambiwe ni wa walimu.

Lakini si uji uliomfanya Bibi Barafu ajitokeze kila siku. Siku ya kwanza, somo lilipokwisha, Mwalimu alifunga mkoba, akasema, "Haya, nenda nyumbani. Na mimi mke wangu ananisubiri." Akatoka mlango wa mbele. Bibi Barafu akakumbuka kwamba katika ndoa yao yote mume huyu hakuwahi kurudi nyumbani kwa mlango wa mbele. Siku zote alizunguka uani na kuingilia jikoni, viatu mkononi, ili asichafue sakafu kwa vumbi la chaki. Basi akapita ukumbini mbio hadi jikoni, mita kumi na mbili, akavaa aproni, akashika sufuria ya kwanza aliyoiona. Ilikuwa tupu. Akaikoroga.

Mlango wa uani ukafunguka. Mwalimu akaingia, viatu mkononi.

"Mwenzangu, nimerudi."

Alikuwa hajaitwa hivyo kwa miezi mitano. Aligeukia dirishani na kuendelea kukoroga sufuria tupu kwa bidii ya ajabu.

Ilidumu kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Mwalimu alimsimulia habari za shuleni, kwamba kuna mwanafunzi mpya, mama mtu mzima, mzito kidogo lakini anajitahidi. Baadaye macho yake yakatanga, na lile neno mwenzangu likaondoka nayo, mpaka kesho. Kwa ajili ya kikombe hicho Bibi Barafu alisoma shairi hilo kuliko watoto wote waliowahi kuchapwa kwa ajili yake.

Binti yao, kwa simu, hakupendezwa.

"Mama, unamdanganya Baba."

"Simdanganyi. Mimi ni mwanafunzi, naandika, na daftari ninalo. Na mimi ni mke, nina cheti. Uongo uko wapi hapo?"

"Ukimwendekeza kila siku atakuzoea kama mwanafunzi, halafu itakuwaje?"

Swali lilikuwa zuri, kwa hiyo Mama alisema mtandao unasumbua.

Kule ghalani, mwenzake wa mlango alikuwa fundi wa mitambo, mwanamume mfupi mwenye maneno marefu. Alimkuta wakati wa chai akiandika kwenye boksi la samaki.

"Mama, hiyo ni hesabu ya mzigo?"

"Ni kazi ya nyumbani. 'Eleza kwa nini bibi anatamani kukaa.'"

"Amechoka."

"Nilimjibu hivyo jana. Nimepata mbili kwa kumi."

"Duh! Na unampikia?" Fundi alitafuna mkate akifikiri. "Mimi ningemkatia nyama. Na mwenzake kwenye hilo shairi ni nani?"

"Mwenzake wa nini?"

"Wa mlango. Mtu anapita peke yake kwenye barafu yote hiyo, nani anamgongea?"

"Hana," alisema Bibi Barafu. Akalisogeza daftari karibu.

Siku hiyo saa tisa alibisha, akaingia, akakaa. Mwalimu alikuwa na siku nzuri. Shati lake alikuwa amelifunga vifungo mwenyewe, na vyote isipokuwa kimoja vilikuwa mahali pake. Alisoma beti zote nne kwa sauti ileile iliyowahi kuwanyamazisha vijana arobaini na tano wenye njaa, kisha akamnyooshea rula.

"Kwa nini bibi anatamani kukaa?"

"Watu husema ni uzuri wa theluji, mwalimu. Mimi nasema si uzuri."

"Ni nini basi?"

"Ni damu." Alisimama, maana katika darasa la Mwalimu mtu hajibu akiwa amekaa. "Baridi kali, mwanzo inauma. Vidole vinauma, masikio yanauma, unatamani kulia. Hapo bado uko salama. Halafu inaacha kuuma. Unasikia raha. Unasikia hata joto kidogo, na unaona kila kitu kimetulia, pazuri, ukae. Hapo ndipo pa kutoka mbio. Huyu bibi hajapendezwa na misonobari, mwalimu. Ameanza kufa na hajui. Na hana mtu wa kumgongea mlango."

Mwalimu alishusha rula. Alichukua kitabu kisicho na jalada na kuandika pembeni ya ubeti wa tatu, polepole, kwa herufi zake zilizokuwa zikiinama siku hizi kama mazao yaliyokosa maji. Miaka thelathini na mmoja ya maelezo ilikuwa pembeni ya beti hizo, na hakuna hata moja lililotoka kwa mwanafunzi.

"Kumi kwa kumi," alisema. "Umejifunza wapi haya?"

"Kazini, mwalimu. Nafanya kazi kwenye chumba cha barafu."

"Ajabu." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Mke wangu naye yuko kwenye kazi hiyohiyo. Anaingia humo kila siku, mwaka hadi mwaka." Akaivaa tena. "Sijawahi kumuuliza kukoje."

Bibi Barafu alishika ukingo wa meza.

"Alinialika, nakumbuka. Nikamwambia neno la kijinga." Alikuwa tayari anafunga mkoba kwa haraka. "Leo somo linaishia hapa. Ninawahi nyumbani. Nina swali la kumuuliza mke wangu."

Mlango wa mbele ukafungwa.

Zile mita kumi na mbili Bibi Barafu hakuwahi kuzipita kwa kasi hiyo. Alivaa aproni. Akaivua, akaona imechafuka, akavaa nyingine, ile ya bluu. Akatengeneza nywele kwenye kioo cha dirisha. Chai ilikuwa tayari, vikombe viwili. Alisimama katikati ya jiko bila kushika kitu, maana leo hakutaka akutwe anakoroga. Majibu alikuwa nayo ya miaka thelathini na sita. Angeanzia wapi? Na ukungu unaotoka mdomoni? Na jinsi nyama inavyolia ikigongana? Au aanze na ile siku ya kwanza, alipotoka ndani analia, akatamani kumwambia mtu, akafika nyumbani akamkuta mtu anasahihisha madaftari?

Alisikia hatua uani. Zikasimama. Viatu vinavuliwa, kimoja, kingine. Mlango ukafunguka.

Mwalimu alimtazama. Alitazama jiko, vikombe, aproni, kisha akamtazama tena, kwa adabu kubwa.

"Samahani sana, mama," alisema. "Nimekosea nyumba."

"Hujakosea. Karibu."

"Hapana, nimekosea. Namtafuta mke wangu. Anakaa maeneo haya."

Bibi Barafu alikuwa amejiahidi hatarudia kosa la siku ile ya ukutani. "Ulikuwa na shida gani naye, mwalimu? Niambie mimi, nitamfikishia."

Mwalimu alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu mwenye siri yake ndogo, akatikisa kichwa.

"Ni swali, mama. Lakini ni la kumuuliza yeye mwenyewe."

Alibaki kizingitini, viatu mkononi, akitazama huku na huku kwenye ua wenye kamba ya nguo na tangi la maji, kama mtu anayesoma ramani ya mji wa wengine. Midomo ilianza kumtetemeka. Bibi Barafu alijua kinachofuata: woga, kisha ukuta, kisha siku nzima bila kula.

"Mwalimu," alisema, "shule ni hapo mbele tu. Kasubiri darasani. Mkeo akipita nitamwambia."

"Utanisaidia?"

"Nitamwambia."

Alimshika kiwiko, akamzungusha uani hadi mlango wa mbele, akamwingiza sebuleni, akamketisha. Akamwekea kitabu mbele yake. Kisha akarudi jikoni, akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye droo ya chini kabisa, ile ya mishumaa na funguo za milango ambayo haipo tena. Akanywa chai ya kikombe kimoja akiwa amesimama. Ya pili akaimwaga.

Akatoka nje na daftari.

"Hodi, mwalimu."

"Umechelewa," alisema Mwalimu. Uso ukachangamka. "Kaa. Fungua ukurasa wa shairi la theluji."

Akakaa. Akafungua. Mwalimu alisoma ubeti wa kwanza, wa pili, akafika wa tatu, akaona maandishi pembeni, akayakazia macho. "Nani kaandika haya? Ni hoja nzuri sana." Hakungoja jibu, akaendelea. Alasiri ilikuwa imeingia dirishani na kukaa juu ya meza. Bibi Barafu alikunja ngumi chini ya daftari, akagonga ubao wa meza mara tatu, taratibu, jinsi anavyogongewa mtu aliye ndani.

Akasubiri.

Mwalimu aliinua macho kutoka kitabuni.

"Nani anagonga dawati?"

"Mimi, mwalimu."

"Acha."

"Nimeacha."

"Haya. Swali." Akanyoosha rula. "Je, bibi alifika? Toa hoja."

Akasimama kujibu.