Sindano na Miguu ya Shangazi

Shangazi yangu alikuwa fundi, na cherehani yake ilikuwa ya miguu. Siku nzima kanyagio lilipanda na kushuka chini ya meza, naye juu, tepu ya kupimia shingoni, akiwasema wateja waliokuja kuulizia nguo kabla ya siku waliyoahidiwa.

Muuza nyama wa jirani alimletea mtoto wa paka ambaye mama yake aligongwa na gari. Hakuwa amefikisha hata wiki tano. Shangazi alimwita Sindano, kwa sababu ya meno.

Siku ya kwanza tu, Sindano alijibanza nyuma ya gunia la vipande vya vitambaa, akatikisa makalio, akairukia miguu iliyokuwa ikikanyaga. Shangazi akaangua kicheko. Tangu hapo, mteja akiondoka, shangazi alivua kandambili na kuchezesha vidole mpaka paka avinase.

Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuoni, na nilikuwa nimesoma kuhusu paka.

"Shangazi, usimchezeshe kwa miguu. Angekuwa na ndugu zake wangelia akiwauma, akajua kipimo. Sasa anadhani vidole ni windo. Mfungie kitambaa kwenye kamba akikimbize. Akikuuma, acha mchezo papo hapo."

"Haya, bibi msomi. Na mtihani atafanya lini?"

"Anauma sana, shangazi."

"Mbona mimi siumii?"

Nilijua ana kisukari mwaka wa saba. Nilijua nyayo zake zina ganzi. Mambo hayo mawili sikuyaunganisha na lile jibu lake. Mimi ni mtu wa kusema jambo mara moja, kwa sauti ndogo, kisha kurudi kwenye kitabu.

Wiki ya tatu, nikifagia, niliona madoa kwenye kanyagio. Nikadhani ni kutu, lakini yalinata kama damu. Nikauinua mguu wake wa kulia. Kidole cha pili kilikuwa kimevimba, ncha imekuwa nyeusi, na kinanuka.

"Kinauma?"

"Kingeuma ningesema."

Hospitali walikata vidole viwili. Baada ya siku nne wakakata chini ya goti. Shangazi alimuuliza daktari swali moja: "Cherehani nitakanyaga?"

"Huo mwingine nao umekufa ganzi, mama. Kidonda kimoja tu, tutarudi hapa hapa."

Alipokuwa amelazwa nilimfundisha Sindano kwa kamba na kitambaa. Kila alipouma mkono wangu niligeuka na kukaa kimya. Siku kumi na mbili zilitosha.

Shangazi aliporudi, paka alipita kando ya mguu uliobaki, akajilaza. Shangazi akamtazama.

"Kumbe anafundishika," akasema.

Kesho yake asubuhi alikaa kwenye cherehani, mbele yake sare ya shule aliyoiacha nusu. Mguu wa kushoto haukujua mwendo. Gurudumu lilirudi nyuma, uzi ukakatika. Akajaribu tena. Mara ya tatu kisigino kiliteleza pembeni ya chuma.

"Nimejikwaruza?" akaniuliza. "Hebu angalia wewe. Mimi sijui."

Nikapiga magoti. Palikuwa na mstari mwekundu, mfupi kama kipande cha uzi. Nikamwambia.

Akachomoa pini kwenye sare, moja baada ya nyingine, akaikunja.

"Mrudishie mwenyewe, mwanangu. Mwambie atafute fundi mwingine."