Skrubu ya Waya ya Kijani

Nyumba yangu ya Shieywe hakuna fundi aliyeigusa. Mabomba nililaza mimi, stima nilivuta mimi, na shule niliiacha darasa la tano nikaenda kukata miwa Butali. Kwa hiyo shawa ya umeme ilipoanza kutoa maji baridi na mke wangu akasema tuite mtu, nilicheka.

"Mtu gani? Mtu ni mimi."

Haraka yote ilikuwa ya mama yake. Alikuwa amekuja kutoka Mautuma kupimwa macho, na alibembelezwa sana ndipo akakubali kulala kwangu, maana kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Nikila sebuleni, yeye anakula jikoni. Akipita, mimi natazama ukuta. Lakini kuoga maji baridi kwangu, hapana.

Nilizima swichi, nikafungua kifuniko. Koili ya kupasha maji ilikuwa imekatika. Nikatia mpya, nikafunga, nikawasha, maji yakatoka na mvuke.

"Umeona?"

"Nimeona, injinia," mke wangu akasema, akachukua mwavuli akaenda kununua nyanya.

Nilikuwa barazani natazama mvua ya alasiri, nikatia mkono mfukoni nikakuta skrubu ndogo ya shaba. Nikaigeuzageuza. Ilikuwa ya waya ya kijani, ile inayopeleka shoti ardhini isipite kwa mtu. Niliifungua ili kifuniko kikae vizuri, sikuirudisha. Na wakati wa kujaribu maji nilikuwa nimevaa gambuti za mpira. Mtu wa kuoga haogi na gambuti.

Ndani nikasikia mlango wa bafu ukifungwa, kisha maji.

Swichi ya shawa iko ukutani, kando ya mlango wa bafu. Swichi kubwa iko chumba cha wageni, anakolala mama mkwe. Kote huko ni mwiko kwangu. Nikamwita mke wangu, labda yuko njiani anarudi. Mvua juu ya mabati ikameza sauti. Nikajiambia labda hakuna kitu. Halafu nikamwona akilini mama wa watu amelala kwenye sakafu niliyoimwaga kwa mikono yangu, na ukoo mzima wa Mautuma ukiuliza ni nani alitengeneza.

Nikaingia koridoni. Mlango ule ni mwepesi, na nyuma yake alikuwa anaimba wimbo wa kanisa. Wimbo ukakatika katikati ya neno. Nikaruka, nikaipiga swichi kwa kiganja.

Maji tu yakaendelea kumwagika.

"Ni nani amezima?"

Ningenyamaza, angefungua mlango aiwashe mwenyewe.

"Ni mimi, mama," nikauambia ukuta. "Usiwashe. Kuna waya sijafunga."

Akafunga maji.

"Mfereji ulikuwa unanitekenya mkono. Nikafikiri maji ya mjini ndivyo yanakuwanga."

"Hapana, mama."

"Haya, baba. Toka hapo kwa mlango, nimalizie na baridi."

Mke wangu alinikuta barazani, skrubu imeniachia alama kiganjani.

"Injinia, hiyo skrubu ni ya nini?"

"Mama yako asiguse kitu huko bafuni," nikamwambia, nikatoka na mvua ile ile kutafuta fundi.