Mkia wa Kuku Ukutani

Enzi zetu pale Newala, mtoto aliyetaka kupaka rangi alikuja na kikombe cha maji kutoka kwao. Nasema "enzi zetu" kama kikongwe, na sijafika hata thelathini, lakini wa rika langu mtanielewa.

Kiangazi, wavulana wa jando walipokaribia kutoka, Mama Asumini alipaka kuta za mtaa wetu. Yeye ndiye aliyekuwa mchoraji. Udongo mwekundu, udongo mweupe na masizi ya chungu alikuwa navyo. Maji hakuwa nayo, na nani alikuwa nayo Newala? Basi kila nyumba ilitoa kikombe, na kila aliyeleta kikombe alipewa kipande cha ukuta. Akina mama walipaka huku wakitafuna ming'oko, mizizi ya porini iliyochemshwa, na kuchekana. Mimi nilibaki na kuku wangu mmoja, namfuta, namrudia, namfuta tena.

"Wee mtoto, huyo kuku atataga hujammaliza!" alinitania Mama Asumini. "Mwache hivyo hivyo. Mwenzio atampa mkia."

Kweli, kesho yake nilimkuta kuku wangu ana mkia wa mtu mwingine, mnene, umepinda. Niliuchukia. Masika yalipouosha ukuta, nikafurahi.

Siku hizi nachora peke yangu, katika chumba nilichopanga Masasi. Nimejifundisha mwenyewe, kwa kuharibu na kuanza upya. Vijana wa leo huirusha picha mtandaoni rangi haijakauka. Mimi sithubutu kumwonyesha hata jirani. Mwezi uliopita niliuchora ukuta ule, na kuku, na mkia wake. Nikampelekea Mama Asumini huko Makote, anakoishi na mwanawe katika nyumba ya saruji yenye rangi ya dukani. Nilitaka aseme tu kwamba na mimi ni mchoraji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu lete."

Aliisogeza picha karibu na macho.

"Nzuri," akasema. Kisha akaweka kidole juu ya mkia. "Ila na huu umeupaka wewe."

Ni kweli. Niliupinda makusudi, nikaufuta, nikaupinda tena, mpaka ukafanana.

Enzi zile tuligombania maji, na ukuta ulijaa mikono. Sasa bomba liko hapo nje ya mlango wangu. Nakinga ninavyotaka, nachanganya rangi, na kikombe mezani ni kimoja.