Mwanamke Anayefuatwa na Maji

"Na ukuta? Ukuta ya nyuma nani aliangusha kama si yeye?"

Soumaya alikuwa amesimama katikati ya ua, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukionyesha kule nyuma ambako ukuta wa mama mkwe wake, Fatouma, ulikuwa umelala chini tangu mvua ya mwisho. Ng'ambo ya ukuta ni korongo la Ntahangwa, linalomega ardhi ya mtaa wetu wa Buyenzi kidogo kidogo, kama mtoto anayemega mkate uliofichwa kabatini.

"Mvua ndiyo iliuangusha," nikasema.

"Na mvua nani aliileta?"

Sote tukatazama juu. Tangu adhuhuri mawingu yalikuwa yakipanda kutoka upande wa Congo, yanasimama, yanarudi, yanapanda tena, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Hakuna aliyetulia siku hiyo. Soumaya alikuwa ameanua nguo, akazianika, sasa alikuwa akiziangalia tena. Tajudini, mdogo wake Fatouma, alikuwa anageuza spana mkononi bila kitu cha kufungua. Yeye ni fundi wa magari, na kwa kuwa mafuta hayaonekani mjini na magari yamelala, siku hizi anatengeneza maneno. Fatouma mwenyewe, mwenye nyumba, alikaa mkekani akifunga na kufungua fundo kwenye ncha ya kitenge chake. Ndani ya fundo mlikuwa na ufunguo.

Ufunguo huo ndio uliotukusanya. Asubuhi, mpangaji wake Marguerite alipokwisha kuondoka kwenda Kajaga kuchukua ndagala, vile visamaki vya ziwani, za kuuza, Fatouma alikwenda kwenye chumba cha nyuma akatia kufuli lake mlangoni. Marguerite hakujua. Na ilikuwa imekubaliwa kwamba kabla hajarudi waamue: ama kufuli litoke, ama vitu vyake vitoke, alale atakapolala.

Mimi nakaa ua wa pili, lakini ugomvi ukipikwa Buyenzi bila mimi huwa hauivi. Nikaja na kigoda changu.

"Hesabu mwenyewe, Bibi Asiya," Soumaya akaendelea. "Kule kwao Uvira, muto ulishuka ku mulima ukabeba nyumba. Akakimbilia Gatumba, ziwa ikapanda. Akahamia Buterere, maji ikaingia mpaka ndani. Sasa amefika hapa, ukuta imeanguka. Ile maji iko namufuata!"

Hayo yote ni kweli, simkatalii. Marguerite mwenyewe ndiye aliyetusimulia, siku za mwanzo, huku akipepeta ndagala na kututilia kila mmoja konzi moja kwenye sahani. Alisema kule Uvira mto ulichukua nyumba na mbuzi, mume akaokoka. Kisha mume akaenda Kalemie kutafuta kazi, na mpaka leo anaitafuta. Alicheka aliposema hivyo. Gatumba alianza upya, akawa anaamka anakuta samaki chini ya kitanda. Hao samaki nimewatia mimi kwenye hadithi, lakini maji yalikuwepo. Buterere alipanga chumba pembezoni mwa mashamba ya mpunga, na mpunga ndio uliomfukuza, kwa sababu mpunga haukai pasipo maji. Ni mwanamke mrefu, mkimya wakati wa kazi, mwenye kupenda kuimba nyimbo za kanisani polepole asituudhi sisi wa msikitini. Ramadhani iliyopita hakula mbele yetu hata siku moja.

"Soumaya, mwanangu," nikasema, "unamjua Haji Massoudi wa kona ile?"

"Nani asiyemjua?"

"Ana kifua. Kila alfajiri anakohoa, halafu adhana inalia, halafu jua linatoka. Sijawahi kuona jua likitoka kabla hajakohoa. Basi mumwombee asipone. Siku atakapopona tutalala gizani mpaka Kiyama."

Fatouma akaziba mdomo kwa mkono. Soumaya hakucheka.

"Cheka tu. We ulishaingia ku chumba yake? Kila kitu ametundika ku misumari! Nguo, sufuria, mpaka ndala. Godoro ameweka juu ya matofali. Mutu anafanya vile kama hajui maji iko nakuja? Anajua. Na anajua kwa sababu ni yeye anaiita!"

Maneno hayo yaliwaingia watu, nikaona. Hata Tajudini akaacha spana yake.

"Huyo mtu ameamshwa na maji mara ngapi?" nikasema. "Wewe ungeweka godoro wapi? Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, lakini sijasikia mtu akisema kushtuka kwake ndiko kulikozaa nyoka."

"Bibi, methali zako..."

"Haya, niache methali. Robine yetu ina maji?"

Soumaya akaitupia jicho. Robine, bomba letu la uani, ilikuwa kavu, inatoa upepo tu, na madumu yalikuwa yamepangwa foleni mbele yake kama mahujaji.

"Kama maji yanamfuata, mbona yamemwacha hapo mlangoni? Mkalisheni Marguerite kando ya robine, tunywe."

"Ile ni maji muzuri," Soumaya akasema haraka. "Maji muzuri inamukimbia. Maji mubaya ndiyo inamufuata."

"Alaa! Yakija, ni yeye. Yasipokuja, ni yeye. Basi niambie mwenyewe, afanye nini hata siku moja useme si yeye?"

Alikwenda akashika shuka, akaliacha, akarudi. Hapo Tajudini akajisogeza mbele. Wanaume wa Buyenzi huwaachia wanawake mwanzo wa ugomvi, kisha huja kuufunga kana kwamba wao ndio wenye kufuli.

"Bibi, tuache mchezo. Si Soumaya peke yake. Ku soko wanasema, ku garaji wanasema. Batu wote wanasema huyo mama ana mukosi. Batu wote wanaweza kudanganyika?"

Mwenyezi Mungu anisamehe, nilikuwa nikingoja neno hilo tangu nimeketi.

"Tajudini, simulia habari ya foleni."

"Foleni gani?"

"Ile uliyolala ndani yake."

Alijua ni ipi. Mji mzima unaijua, ingawa mimi naisimulia vizuri zaidi. Mwezi ule mafuta yalipokatika kabisa, teksi moja ilikufa karibu na kituo cha mafuta kilichofungwa. Dereva akafunga milango, akaenda kwao kutafuta fundi. Akapita mtu, akaona gari limesimama mbele ya kituo, akajiambia kuna jambo, akajipanga nyuma. Wa pili akaona magari mawili. Mpaka jua linazama foleni ilikuwa imepinda kona mbili, watu wanauza maandazi na karanga, wawili wamepigana kwa sababu mmoja amechomekea, na mwingine, nasikia, alichumbia humo humo. Tajudini alikuwa katikati na pikipiki ya mteja. Dada yake alipompigia simu kwamba kituo kimefungwa, alimjibu: watu wote hawa wangekuja bure?

Kesho yake dereva wa teksi akarudi na fundi. Akashangaa kukuta amezaa msafara.

"Ile ni kitu ingine!" Tajudini akafoka.

"Ni ile ile. Kila mtu alimtazama wa mbele yake, na wa mbele kabisa alikuwa gari bovu."

Fatouma sasa alicheka wazi, na Tajudini akaniinulia spana kama kidole.

"We utatufundisha nini? Buyenzi nzima inajua we ni muongo. Ulisema kiboko alitoka ziwani akapiga hodi kwako!"

"Nilisema, na nitasema tena kesho, na kiboko atakuwa amevaa kanzu. Lakini robine ni kavu au si kavu? Nenda ukaiulize yenyewe, kama mimi ni muongo."

Kufika hapo nilidhani nimeshinda, na mtu akidhani ameshinda ndipo anapoteleza. Nikamgeukia Fatouma, nikalegeza sauti. "Fatouma, mwanangu, mkumbuke yule mama alivyolia siku ukuta ulipoanguka. Alilia mpaka..."

"Bibi Asiya." Fatouma hakuwa amesema neno karibu alasiri yote. "Machozi yake haishikilii ukuta. Mutu anaweza kulia na akawa na makosa. Usinitilie huruma mahali ya sababu."

Alikuwa sahihi, mwana wa watu.

Tajudini akaona mlango. "Umeona, dada? Basi kata shauri. Ni moja kati ya mbili: huyo mama, ao nyumba yetu."

Upepo ukaja ghafla, madumu yakaanguka na kubiringika, Soumaya akakimbilia nguo. Tukainua vichwa. Mawingu yalikuwa yamepita juu yetu bila kushusha tone, yakaelekea milimani, na kule Kinanira mvua ilikuwa imeshaanza, tunaiona imening'inia kama chandarua.

"Na kule?" nikauliza. "Marguerite hajawahi kukanyaga Kinanira."

"Imeenda kumutafuta," Soumaya akasema, na nguo zimejaa mikononi mwake.

Hata yeye mwenyewe akasikia alichokisema. Mdomo ukamcheza pembeni.

Fatouma akasimama. Alitembea hadi penye ukuta ulioanguka, akachungulia korongoni, akarudi, akaenda tena. Ufunguo ulikuwa umekwisha kutoka kwenye fundo.

"Tajudini. Akitoka leo, ukuta itasimama?"

"Dada..."

"Nakuuliza. Itasimama? Korongo itarudi nyuma?"

Tajudini akatazama spana yake.

"Kile chumba," Fatouma akasema, na alikuwa hasemi na yeyote kati yetu, "kabla yake nilionyesha batu wengi. Kila mutu alitazama korongo, akaenda. Yeye tu ndiye alikubali, juu hakuwa na pengine. Na kule Buterere ni vile vile. Gatumba ni vile vile. Si maji inamufuata. Ni siye tunamupeleka mahali maji inapita, halafu tunamuuliza mbona amelowa."

Soumaya aliweka nguo juu ya mkeka polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Tajudini akafungua mdomo, nami nikafungua wangu nimuwahi, lakini Fatouma alikuwa tayari mlangoni kwa Marguerite, ameinama, anahangaika na kufuli. Ufunguo ulikuwa unakwama. Aliutoa, akautemea mate, akauingiza tena, akazungusha, na kufuli likafunguka mkononi mwake kwa mlio wa tak.

"Hodi! Mama Fatouma, leo ndagala ni..."

Marguerite alikuwa ameingia langoni, beseni kichwani, miguu imejaa vumbi la Kajaga, anatabasamu. Alimwona Fatouma ameinama mbele ya mlango wake, kufuli geni mkononi. Tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe.

"Mama," akauliza, "iko nini ku mulango yangu?"

Nikamtazama Soumaya. Soumaya akamtazama Tajudini. Tajudini akatazama mawingu.