Mbuzi wa Akika Mtumbwini

Binti yangu Zainabu alijifungua mtoto wa kwanza huko Nyamasheke, na mimi babu niliahidi mbuzi wa akika. Mvua ilikuwa imekata barabara, ikabaki njia ya ziwani. Nikamwendea rafiki yangu Papa Furaha, mfanyabiashara wa Bukavu mwenye mashua ya tanga na mtumbwi mdogo wa kushukia ufukweni.

Cyangugu, asubuhi, tulianza kwa ubishi.

“Mzee, funga ye miguu,” alisema Papa Furaha, akimwonyesha mbuzi.

“Kamba itamuchuna. Mbuzi ya akika haipashwe kuwa na kilema.”

“Basi hatazunguka huku ku matanga yangu. Aende mu mutumbwi. Lakini minakuambia, mutumbwi ya kuvuta inapashwa kwenda bure, bila kitu.”

Mbuzi akapanda mtumbwini kama bibi harusi. Tulipofika maji mapana, Papa Furaha alirefusha kamba ya kuuvutia ili mtumbwi usije ukatugonga. Nikatulia, nikala mandazi.

Mchana upepo ulikaza. Mtumbwi ukawa unatukimbilia, kamba inalegea, kisha inanyooka kwa kishindo. Mbuzi, kwa miguu ile niliyoilinda mno, akawa anahama upande hadi upande, na maji yakaingia. Niliogopa kwelikweli. Akizama, au akivunjika mguu, mjukuu wangu atakosa akika yake kesho.

Papa Furaha hakunilaumu. Alishusha tanga, tukavuta kamba hadi mtumbwi ukafika ubavuni, akainama akamkumbatia mbuzi. Wimbi likakibana kidole chake kati ya mtumbwi na mashua. Hakumwachia. Kisha tukaupandisha mtumbwi, tukaupindua juu ya mashua na kuukaza kwa kamba, mbuzi akiwa chini yake kama bandani. Akatulia.

Nyamasheke, jioni, mkwe wangu alimkagua mbuzi macho, meno na kwato.

“Haina kilema, Baba.”

“Kilema iko kwangu,” akasema Papa Furaha, akionyesha kidole kilichovimba. Zainabu alicheka, kisha akakifunga kwa kipande cha kanga.

Baada ya akika tulirudi na sufuria ya nyama, fungu la Papa Furaha. Mkono wake haukuweza kazi, hivyo kamba zilikuwa zangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mimi sikusikia, na aliyeumia ni mwenzangu.

“Mutumbwi iko na kitu?” aliuliza bila kugeuka.

“Iko bure,” nikajibu, sufuria ikinichoma mapaja.