Viatu Ndani ya Mfuko

Juzi, mtaani Ntinda, nje ya ukumbi ambako Wahindi walikuwa wakigawa unga wa Diwali, sikukuu yao ya taa, nilimwona mama mmoja akimvua bintiye viatu na kuvificha mfukoni. Nikakumbuka viatu vyangu vya utotoni.

Vyangu vilikuwa vyeusi, vya kamba. Alininunulia baba, askari polisi, miezi michache kabla hajafa. Siku ya Diwali, kwenye kona ya hekalu la Wahindi, harufu ya ubani na samli ikitujia, mama aliinama. "Vua viatu. Kwa Wahindi mtu haingiagi na viatu."

Nilimwamini, nikavivua, naye akavitia mfukoni. Lakini hatukuingia. Tulipanga foleni ya unga na sukari nje, juu ya lami ya moto, fataki zikilia, nami nikiwadharau moyoni wote waliokuja na ndala zao.

Mwanamke mwenye bangili nyingi aliitazama miguu yangu, akasikitika, akamwongezea mama kilo ya pili ya sukari.

"Asante, mama," mama yangu akamwambia, macho chini.

Kwenye kona ileile alinivalisha viatu. Nilimwambia kwa furaha kwamba Mungu wao ameipenda adabu yetu. Alikaza kamba mpaka zikaniuma, wala hakuinua uso.