Mayai Yaliyoita Jikoni

Akili ni nywele, husema watu, na shemeji yangu ana upara. Yeye huchimba mchanga wa kujengea huku ukingoni, si mbali na pale mto Ruzizi unapoingia ziwani. Mchana mmoja aliingia na beseni la mayai meupe, marefu kuliko ya bata, akaliweka jikoni kwangu bila hata kuniuliza. Kumbe ameyafukua nyuma tu ya uwanja wetu.

"Ni ya mamba," akasema. "Minye niko naleta chakula, weye uko nanuna?"

Nilikuwa bado namfokea mayai yalipoanza kuita. Ni kilio chembamba cha kukatakata, kinatoka ndani ya ganda. Sisi wa ukingoni tunajua kwamba mtoto wa mamba huita siku ya kutoka, na mama yake, aliyelilinda shimo muda wote huo, huifuata sauti aje kumfukua. Na tangu ziwa lipande, maji yamefika nyuma ya jiko letu. Binti yangu mdogo alikuwa anacheza humo humo jikoni.

Nikachungulia. Majini, kati ya migomba iliyooza, macho mawili yalikuwa yameelekea kwetu.

Shemeji akainama kuokota mawe. Nikamwambia aache upumbavu. Nikalibeba beseni mwenyewe, nikayamwaga mayai taratibu pale maji yanapoanzia, nikarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Mamba akapanda. Akachukua yai, akalibana polepole kwa meno yale, ganda likapasuka, mtoto akatoka mzima. Akamshika mdomoni, kisha mwingine, na mwingine.

Alipomaliza hakuondoka. Aliinua kichwa kuelekea mlango wetu. Nami nikaisikia ile sauti tena, safari hii nyuma yangu.

Binti yangu alikuwa amesimama kando ya mafiga, ameinama kidogo, kajifunga kitenge changu. Alikuwa amebeba yai moja mgongoni, kama anavyoniona nikimbeba mdogo wake, analibembeleza linyamaze. Mamba akaanza kuja. Vidole vyangu vikashindwa kufungua fundo. Nikakivuta kitenge hadi kikamtoka kichwani, nikakirusha nje na yai lake, nikafunga mlango, tukauegemea na shemeji.

Nje kukawa kimya. Mtoto akanipiga mapajani kwa ngumi, analia.

"Mama, juu ya nini umetupa mutoto yangu?"